Lori Kwenye Uchochoro Wetu

4 Februari

Kaka yangu,

Mama ametaka salamu zake zitangulie zangu, maana anasema nikianza habari zangu nitamsahau. Anakusalimu sana. Anakula, analala, ananung'unika, kwa hiyo ni mzima. Goti la kushoto linamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anajikongoja mpaka karakanani, anakaa kwenye kiti cha baba na kunisikiliza nikikata vioo. Nikikosea ananiambia kabla mimi mwenyewe sijajua. Anasema kioo kilichokatwa vibaya hulia kama mtoto aliyenyimwa.

Kazi ipo. Nina madirisha ya jengo zima la ghorofa tatu, na mwenye jengo ana haraka kama mtu anayefukuzwa. Shida yangu ni njia.

Unaikumbuka nyumba ya fundi saa, ile iliyo ubavuni mwa yetu, uchochoro katikati. Fundi saa alihama, akaja mtu anayeuza magodoro. Mtaa mzima tunamwita Bwana Godoro. Anauza ulaini kutwa nzima, lakini yeye mwenyewe ndani amejaa misumari. Mkewe ni mtu wa watu. Tulikuwa tunaazimana pasi. Mwezi wa kumi na moja Bwana Godoro akanunua lori, na tangu hapo analiegesha ndani ya uchochoro, pua imeelekea lango letu. Pikapu yangu haipiti. Kila kioo nakibeba mikononi mpaka barabarani, hatua sitini, nimejibana kati ya lori na ukuta.

Nilikwenda kumwomba kwa adabu. Akaniuliza, "Dada, baba yako kazikwa humu uchochoroni? Kama hakuzikwa, waache wenye magari waegeshe."

Wiki iliyopita nilikuwa nimebeba bamba refu kuliko mimi. Kiwiko kikagonga kioo cha pembeni cha lori, bamba likapasuka mikononi mwangu. Nimeshonwa nyuzi kumi na moja, kutoka kiganjani kupanda juu. Yeye alikuwa amekaa mle ndani ya lori ananitazama. Hakushuka.

Usijali. Nitalimaliza.

Mdogo wako.


27 Februari

Mdogo wangu,

Mpe mama mkono wangu, na goti lake lipakwe mafuta ya moto, si ya uvuguvugu. Mimi ni mzima. Nipo bado kwenye useremala, tunatengeneza madawati, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba nimelala wiki mbili mfululizo bila kugombana na mtu. Mwezi wa tisa watakaa kuangalia majina ya wanaopunguziwa kifungo. Nimeambiwa jina langu limo. Usimwambie mama, asije akaanza kupika.

Barua yako ilikaa ofisini siku kumi na mbili. Hapa kila karatasi inasomwa kabla ya kunifikia, na za kwangu kabla ya kutoka. Ukiniandikia jambo, jua umewaandikia na wengine.

Sasa hilo neno lako. Umesema utalimaliza, lakini hukusema vipi. Neno hilo nalijua. Mimi nililisema sokoni nikiwa na kisu cha kazi mkononi, baada ya kugombea nafasi ya upana wa meza moja ya nyama, na mpaka leo halijaisha. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Apime uchochoro, aite pande zote mbili, aandike. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Nakuomba kabla hujafanya lolote.

Kaka yako.


20 Machi

Kaka yangu,

Hapa tupo. Ombi lako limefika siku tatu baada ya jambo lenyewe, kwa hiyo usinihesabie ukaidi, uhesabie posta.

Umeuliza vipi. Nilichukua vipande vinne vya kioo, unene wa kidole, vyenye ncha, nikavichimbia mbele ya matairi. Asubuhi alipowasha lori nilikuwa langoni na kikombe cha chai. Lori lilikaa chini kama ng'ombe. Nilicheka, kaka. Sijacheka hivyo tangu baba afe.

Alikuja saa tano mchana na nondo. Alianza na dirisha, akaingia karakanani, akavipiga vioo vya lile jengo kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepura maharage. Nilimrukia mgongoni, nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Akanipiga kiwiko cha tumbo, nikaanguka juu ya vipande. Aliendelea mpaka ukutani hakikubaki hata kimoja cha kujitazamia. Alipotoka alikuwa anahema, damu inamchuruzika shingoni, akaniambia, "Sasa fagia."

Nilifagia siku mbili.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Amepata mikwaruzo. Anaendelea vizuri.

Nina jambo moja la kukuomba. Yule rafiki yako aliyetoka huko mwaka jana, mnayemwita Nyundo. Wewe uko mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Yeye nasikia yuko karibu. Mwambie aje kutusalimia. Aje mchana tu, mtaa wote uone.

Mdogo wako.


9 Aprili

Mdogo wangu,

Nyundo simwambii chochote. Usimtafute, na akija mwenyewe mfungie lango. Ukimwita mtu kama yeye akupigie mtu mmoja, kesho anarudi kukuuliza wa pili ni nani.

Mwandiko usikushangaze. Natumia mkono wa kushoto kwa sasa. Wa kulia umepumzika. Usiulize, na mama usimsomee sehemu hii.

Jambo linalonikosesha raha ni dogo. Katika miaka saba, hakuna barua yako hata moja iliyokuja bila salamu za mama. Hata ile wiki aliyolazwa kwa homa alituma salamu, na matusi juu. Safari hii umeandika mistari miwili, "amepata mikwaruzo, anaendelea vizuri", kama daktari mwenye foleni. Mama kasema nini? Niandikie maneno yake mwenyewe.

Na nenda kwa mwenyekiti.

Kaka yako.


2 Mei

Kaka yangu,

Mama anakusalimu. Maneno yake mwenyewe ni haya: "Mwambie nimebaki na moja, na hilo moja litamwona akirudi."

Ni jicho la kulia. Kipande kiliruka kutoka kwenye bamba la pili au la tatu. Nilimkuta ameketi vilevile, mikono magotini, damu inadondokea kwenye kanga, ananiuliza, "Ameshaondoka?" Hospitali walilitoa siku hiyohiyo. Sikukuandikia kwa sababu najua unavyopokea mambo, na huko kuna kuta na watu wa kupiga. Niambie basi, mkono wako umepiga ukuta, au mtu?

Nilikwenda kwa mwenyekiti, kama ulivyotaka. Alikuja na tepu ya kupimia na karani wake. Akapima uchochoro mwanzo mpaka mwisho, majirani wamejipanga pande zote kama wanaosubiri harusi. Akasema uchochoro ni wa nyumba zote mbili, hakuna mwenye haki ya kuegesha. Lakini kwa ujirani mwema, lori likae jioni mpaka saa moja asubuhi, na mchana njia iwe yangu. Kuhusu jicho la mama akasema hilo ni la polisi. Polisi walisema ni ugomvi wa majirani, turudi kwa mwenyekiti.

Bwana Godoro alikubali mbele ya watu wote. Alipotia sahihi nikamwambia aingie ndani amwombe mama radhi, ana kwa ana. Akanipiga kofi. La nyuma ya mkono, na pete. Nimepoteza jino la pembeni. Nilichukua ile tepu ya mwenyekiti, ni ya chuma, nikamchapa nayo usoni mara mbili kabla hawajanishika. Mkewe alisimama kati yetu akilia, akaniambia, "Dada, inatosha, niue mimi." Mwenyekiti akakusanya karatasi zake, akaondoka.

Asubuhi yake, saa nne, lori lilikuwa palepale.

Mimi na kuomba, basi.

Mdogo wako.


20 Mei

Mdogo wangu,

Nimelisoma jicho la mama mara tatu, kisha nikaomba ruhusa nikakae kwenye stoo ya mbao peke yangu. Usiogope, sikupiga ukuta. Mkono wa kulia hauwezi tena kupiga kitu.

Nitakuambia habari ya mkono, kisha nitakuambia jambo jingine, na hilo nalisema mara moja tu.

Mwezi wa tatu aliletwa hapa kijana mmoja, mpwa wa yule niliyemuua. Alijua mimi ni nani kabla hajapewa blanketi. Siku ya nne waliniinamisha, yeye na wenzake wawili, wakautia mkono wangu kwenye jiliwa, lile koleo la mezani tunalobania mbao, akawa anazungusha taratibu. Kila akizungusha ananiuliza swali lilelile: "Mjomba alikuwa anakuja au anaondoka?" Nilisikia mifupa ikivunjika, mmoja mmoja, kama vijiti vya kuwashia moto. Akauliza tena. Nikamjibu.

Mdogo wangu, mahakamani nilisema alinijia na shoka la kukatia mifupa. Wewe ulisema hivyo pia, kwa sababu mimi nilikuambia. Mama anasema hivyo mpaka leo. Ndiyo maana ikaitwa kuua bila kukusudia. Shoka lilikuwepo, lakini lilikuwa mezani. Yeye alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa amesema, "Haya, chukua meza yako, mimi nahamia kule," na alikuwa anakusanya vitu vyake. Nilikuwa nimeshinda. Nafasi ilikuwa yangu. Nikamchoma chini ya mbavu, kutoka nyuma, kwa sababu alikuwa ameniudhi miezi minne na nilitaka ajue.

Aligeuka akanitazama kama mtu aliyeitwa jina. Akakaa chini taratibu. Alichukua muda mrefu kufa, na muda wote ule alikuwa ananiuliza, "Kwa nini, si nimekuachia?"

Kijana aliposikia hivyo aliacha kuzungusha. Akakaa sakafuni akalia. Niliwaambia askari kwamba jiliwa lilifyatuka lenyewe.

Hilo sijamwambia mtu yeyote. Ninakuambia wewe kwa sababu katika barua yako nimeuona mwandiko wangu. Nenda na mama kwa binamu yetu. Acha nyumba, acha vioo, mpe uchochoro wote. Nakusihi.

Kaka yako.


3 Juni

Kaka yangu,

Mama anakusalimu, goti ni nafuu.

Sijapata barua yako mwezi mzima, natumaini ni posta tu. Nakuandikia kwa kifupi usije ukawa na wasiwasi. Uchochoro uko wazi. Lori limeondolewa, na mwenyekiti ameandika karatasi kwamba gari lolote lisiingie, lake wala langu. Sote tumetia sahihi. Kazi zinaendelea. Kumetulia sana.

Mdogo wako.


24 Juni

Mdogo wangu,

Nimefurahi goti la mama ni nafuu.

Barua yangu ya tarehe 20 Mei hujaipata, hilo nimelijua sasa, na najua iliko. Tuliache hilo.

Jana ameletwa mtu kutoka upande wenu, fundi wa baiskeli, kwa kosa lake mwenyewe. Ni mpenda habari. Wakati wa chakula alikuwa anasimulia kwamba kuna muuza magodoro kabanwa na pikapu uchochoroni, mguu ukakatwa juu ya goti. Anasema mwenye pikapu ni mwanamke anayekata vioo. Anasema breki zilikatika.

Nilikula mpaka nikamaliza sahani. Sikumwambia kwamba nakujua.

Umeniandikia mistari minane. Umesema kumetulia. Pikapu ile mimi na baba tuliifunga breki kwa mikono yetu. Nakuuliza kama kaka yako, si kama askari: zilikatika?

Kaka yako.


16 Agosti

Kaka yangu,

Nimekaa kimya zaidi ya miezi miwili. Mama amekuwa akikutumia salamu kila siku, na mimi nimekuwa nikizipokea na kuziweka.

Barua yako ya tarehe 20 Mei ilifika tarehe 11 Julai. Ilikuwa imefunguliwa ikabandikwa upya kwa gundi, na pembeni kuna mhuri ambao sijawahi kuuona kwenye barua zako. Niliisoma nimesimama langoni. Nilikuwa nimechelewa siku arobaini na sita.

Breki hazikukatika.

Ilikuwa tarehe 26 Mei, asubuhi ya saa tatu, jua limeshatoka. Lori lilikuwa limekwenda kupakia, kwa hiyo niliingiza pikapu mpaka langoni, nikapanga vioo, nikavifunga. Nilipoanza kurudi nyuma nitoke, lori likaingia. Lilijaa mdomo wote wa uchochoro. Nikasimama. Likasogea mpaka likabakiza nafasi ya mtu mmoja nyuma yangu, na Bwana Godoro akashuka, akaja kusimama papo hapo. Mgongo wake ulikuwa kwenye bampa la lori lake, na kiganja anakipiga kwenye mlango wa nyuma wa pikapu yangu. Anasema, "Shuka ubebe kwa mikono, umeshazoea." Sikuzima injini. Akasema, "Au mwite mama yako aje aniongoze nirudi nyuma. Si bado ana moja?"

Gari lilikuwa kwenye gia ya kurudi. Niliinua mguu kwenye breki.

Sijui nikuelezeje sauti ile. Vioo vyote nilivyopakia vilipasuka kwa mpigo, lakini hiyo si sauti ninayoisema. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa amelalia mlango wa nyuma, kifua juu, mikono imekunjuka kama mtu anayekumbatia, na mdomo uko wazi, hautoi kitu. Nilipoweka gia ya mbele na kusogea, alishuka taratibu akitelezea bampa la lori, na mguu wa kulia ukabaki unaelekea upande ambao mguu hauelekei. Mfupa ulikuwa nje ya suruali. Damu ilikuja kwa kuruka.

Mkewe alitoka mbio, mikono ina unga. Nilivua mkanda nikamfunga mumewe pajani, mkewe akashika juu, tukamnyanyua tukamlaza kwenye pikapu juu ya vipande vya vioo kwa sababu hapakuwa na pengine. Lori lilikuwa limeziba njia. Ilibidi mimi nipande kwenye lori lake, kwa mara ya kwanza, nilitoe, kisha nirudi kwenye pikapu, nimpeleke. Njia nzima alikuwa anamwambia mkewe, "Asizime gari. Mwambie asizime gari."

Polisi walikuja hospitali. Nilikuwa mlangoni na damu mpaka kwenye nywele, nimeshajiandaa kusema. Yeye ndiye aliyeanza. Uso umekuwa wa majivu, mguu umeshaondoka, akawaambia, "Breki zilikatika. Mimi ndiye nilisimama pabaya." Waliandika, wakafunga daftari. Walipoondoka akaniita karibu na kitanda. Akasema, "Jicho la mama yako, mguu wangu. Hakuna anayedai tena. Tumalizane."

Nikasema sawa.

Ndivyo ugomvi wa uchochoro ulivyokwisha, kaka. Mwenyekiti anatutolea mfano kwenye mikutano. Bwana Godoro anapita kila asubuhi kwa magongo, njia nyeupe, haina hata toroli, na ananiamkia. Ananiuliza mama kaamkaje. Na mimi naitikia. Nikishaitikia nafunga lango.

Najua barua hii itasomwa kabla yako. Nimeiandika hivyo makusudi.

Mdogo wako.


5 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu za mama nilizipokea zote kwa pamoja, na zote zilikuwa mpya.

Askari aliyesoma barua yako aliniletea mwenyewe mpaka kwenye meza ya kazi. Aliiweka, akasimama kidogo, akaondoka. Sijui atafanya nini. Hilo ni lake.

Ulitaka kujua ule mhuri. Barua yangu ya Mei ilisomwa, ikapelekwa juu. Jina langu limetolewa kwenye orodha ya mwezi huu. Kesi inaweza kufunguliwa upya, au isifunguliwe, hawajasema. Nilijua kabla sijaifunga bahasha. Usije ukajibebesha. Mama wa marehemu bado yuko hai, na miaka saba yote alikuwa akiambiwa kwamba mwanawe alikufa akimshambulia mtu kwa shoka. Sasa ameambiwa kweli. Yule kijana, mpwa wa marehemu, ndiye aliyemwandikia, mimi nikasema maneno, maana mkono wangu wa kushoto bado ni mwanafunzi.

Sitakuambia uende polisi au usiende. Nitakuuliza swali moja tu, la fundi. Uchochoro wetu ni tambarare. Tulicheza gololi pale utoto mzima, ukiiweka chini inakaa. Gari likiachiwa breki kwenye tambarare linasogea kama mzee anayetafuta viatu. Linaweza kumbana mtu. Halitoi mfupa nje ya suruali.

Umesema uliinua mguu. Uliupeleka wapi?

Kaka yako.


2 Oktoba

Kaka yangu,

Nilikanyaga mafuta. Mpaka chini. Na alipokuwa amelalia mlango, kabla sijaweka gia ya mbele, nilikanyaga tena.

Nilimwambia mama kwanza, jana asubuhi, nikiwa nimepiga magoti mbele ya kiti chake. Alijifunga kanga vizuri. Kisha akasema, "Nilisikia injini siku ile. Baba yako alikata vioo kwenye nyumba hii miaka thelathini na magari yakiingia na kutoka, najua injini inayorudi nyuma na injini inayopiga." Alikuwa anajua tangu Mei. Alikuwa ananingoja.

Leo kituoni nilikaa kwenye benchi kwa saa tatu. Askari wa zamu aliniambia, "Mama, faili hilo limefungwa, nenda kapumzike." Nikamwambia sipumziki. Wakamwita Bwana Godoro. Alikuja kwa magongo, jasho linamtoka, akasema mbele yangu kwamba breki zilikatika, na kwamba huyu mwanamke ana kiwewe. Walipotoka kidogo akanisogelea. Sijawahi kumwona na hofu, hata siku ile. Akasema, "Ukisema lako, na langu litaulizwa. Nitafungwa na mguu mmoja. Unataka hivyo?"

Nikamwambia sitaki kitu kwake. Aseme lake au asiseme. Mimi naandikisha langu.

Alikaa kwenye benchi pembeni yangu. Tulikuwa tumekaribiana kuliko siku yoyote tangu ahamie. Akasema, bila kunitazama, "Lile la mama yako... nilimwona amekaa pale. Nilimwona kabla sijapiga." Kisha akagonga gongo sakafuni mpaka wa zamu akarudi, akamwambia alete karatasi mbili.

Wameniruhusu nirudi nyumbani usiku mmoja nimpangie mama pa kukaa. Kesho saa mbili wananichukua. Yeye wamemwacha kwa dhamana ya mwenyekiti kwa sababu ya kidonda.

Binamu yetu yuko mbali na mama amekataa kuhama. Amesema hawezi kujifunza mlango mpya kwa jicho moja. Leo jioni mke wa Bwana Godoro alikuja, hakubisha hodi, akakunja nguo za mama akazitia kwenye beseni. Mama akamshika bega, wakavuka uchochoro polepole, mimi nyuma na kiti. Mumewe alikuwa kizingitini. Alijaribu kusimama, gongo likateleza, akashindwa, akabaki amekaa. Giza lilikuwa limeingia na jicho lake lililobaki halioni gizani, kwa hiyo mama akauliza aliye pale chini ni nani.

Mama akanyoosha mkono akampapasa, kichwa, uso, akashuka mpaka kwenye paja, mpaka pale linapokoma. Mkono ukakaa hapo.

Akasema, "Sogea kidogo, nipite."

Akasogea.

Mdogo wako.